Weupe wa Mugisha

Nakumbuka asubuhi tuliyomtoa Mugisha nje. Sogea karibu, mwanangu, na hilo tumbo lako zito, maana habari hii inakuhusu.

Ulikuwa mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa kule Ngenge, mimi, mume wangu na mama yake. Nyumba ilikuwa mpya, lakini desturi zilikuwa zilezile. Mzazi alikaa chumba cha ndani na mtoto wake, hatoki mpaka kitovu kidondoke. Humo mlikuwa na giza na moshi, tukitumia koroboi hata mchana.

Nilipomzaa Mugisha, mama mkwe aliinua koroboi, akamtazama mjukuu wake, akapiga vigelegele. "Waitu, mtoto mweupe! Ametuletea uzuri huyu!" Wanawake wakawa wanaingia kumsifu. Nami, binti niliyekuwa sijui kitu, nikavimba kichwa.

Baada ya siku chache mtoto akawa hanyonyi sawasawa. Nikimpa titi anavuta kidogo, analala. Nikasema, "Mama, mtoto huyu analala mno."

"Mpole tu, kama babu yake. Mwache apumzike."

Nikamwacha. Mama mkwe alikuwa habishiwi, na kusema kweli sikutaka kusikia kwamba weupe ule una kasoro. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kitovu kikadondoka. Majirani wakaja, wakapewa kahawa ya kutafuna, na mama mkwe akambeba mtoto mpaka uani, akamfunua juani mbele ya watu wote. Vigelegele vikakatika. Mtoto alikuwa wa njano, mwanangu, mpaka kwenye nyayo. Macho yake yalikuwa na rangi ya ndizi mbivu. Akalia kwa sauti kali, nyembamba, huku akipinda mgongo.

"Mimi nilidhani ni weupe," mama mkwe alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mtoto yule kuliko sisi sote.

Tulipata lori la kahawa likatufikisha hospitali. Daktari alitueleza kwamba damu yangu na ya mtoto hazikupatana, kwa hiyo damu yake ilikuwa ikivunjika kwa wingi, na ini la kichanga halina nguvu ya kuiondoa ile njano yote. Wakamtoa damu kidogo kidogo, wakamtia nyingine. Uhai wake ukabaki. Lakini njano ilikuwa imeshafika kwenye ubongo, ikamwacha hasikii.

Basi nisikilize. Ukijifungua, mtazame mwanao kila siku kwenye mwanga wa mchana, usitegemee taa. Bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, uone rangi inayobaki. Angalia na weupe wa macho. Vichanga wengi hupata njano kidogo siku ya pili au ya tatu, kisha ikaisha yenyewe, nawe mnyonyeshe mara nyingi, umwamshe akilala. Lakini ikitokea siku ileile ya kuzaliwa, au ikishuka mpaka miguuni na viganjani, au mtoto akiwa mlegevu, ana joto, au hanyonyi, usingoje kitovu wala ruhusa yangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Siku hizi wana taa maalumu za kumlaza mtoto chini yake, na mtoto akiwahi hupona vizuri. Usijidanganye kwamba jua la uani litatosha. Na kliniki waulize kundi la damu yako mapema.

Nikikwambia mtoto wako ni mweupe, nibishie. Nimekuruhusu leo, nikiwa na akili zangu.

Mugisha yule pale anapalilia migomba. Jina lake kwetu ni baraka, nami nimemwita kwa jina hilo maisha yake yote. Mungu akufungue salama, mwanangu, na mtoto atakayekupa, ukimwita, ageuke.