Hettie na nguzo aliyokataa kuiachia

Saa kumi na mbili asubuhi, giza halijaisha, Hettie Raistrick anapanga jibini kwa mkono mmoja. Mkono wa kulia umejikunja kifuani kama wa mtu aliyeficha kitu ndani ya koti. Kwenye meza ya jirani, Clem Tordoff, muuza samaki, anavunja barafu.

"Taratibu, mpenzi," Clem anamwambia. "Jibini yako haikimbii. Ingekuwa na miguu ingeshaikimbia harufu yake yenyewe."

"Eti naye anasema harufu," Hettie anajibu bila kugeuka. "Paka wote wa Aldersby wanajua unapolala."

Leo ni Jumanne yake ya kwanza sokoni tangu Novemba.

Mfalme fulani wa kale aliupa mji huu ruhusa ya kufanya soko kila Jumanne, na watu wa Aldersby huitaja ruhusa hiyo kama waliyopewa juzi. Benki ya mwisho imefungwa. Duka la viatu limefungwa. Kwenye barabara ya nje kuna duka kubwa linalouza kila kitu, hadi maua ya mazishi. Soko limebaki, na sheria yake imebaki.

Saa mbili kamili kengele hupigwa kwenye msalaba mkubwa wa mawe uliosimama juu ya ngazi katikati ya soko. Ikilia na meza yako haina bidhaa, siku hiyo nafasi anapewa mwingine. Ikitokea Jumanne tatu mfululizo, umeipoteza moja kwa moja. Nafasi ya Hettie iko ubavuni mwa msalaba huo, alipouzia mama yake, na bibi yake kabla ya mama.

Kengele hiyo ndiyo iliyomvunja bega.

Kila anayefunga turubai la kuezekea meza anajua: unafunga vizito, zile ndoo za zege, kwenye miguu ya nguzo kwanza, ndipo unavuta turubai juu. Asubuhi ile ya Novemba barabara ilikuwa na barafu, Hettie akachelewa, kengele inakaribia. Akavuta turubai kwanza. Upepo ukaingia chini yake.

"Nikampigia kelele, achia! Achia!" anasema Clem. "Akaniangalia kama nimemtukana mama yake."

"Nguzo zile alizinunua baba," anasema Hettie. "Mkono ulishika wenyewe. Nikaona miguu yangu iko hewani, nikawaza, haya, Hettie, leo unapaa na jibini hujauza."

Akaangukia ngazi za msalaba.

Ninayaandika haya kwa sababu vijana wetu wengi wanafunga maturubai alfajiri, Jumanne hapa, Alhamisi mji wa jirani, na sisi mama zao tunawauliza tu kama wamevaa kofia. Tuwaulize kama wamefunga vizito. Tuwaambie upepo ukija waachie. Turubai linanunuliwa dukani. Bega la Hettie lina vyuma ndani, na daktari amesema mkono ule hautapita tena usawa wa kidevu.

Hospitalini hakuulizia bega. Aliulizia Jumanne. Hana mume wala mtoto wa kusimamia meza yake.

"Jumanne ile ya kwanza nililia," anasema. "Nilijua meza iko tupu."

Haikuwa tupu. Kengele ikiwa karibu kulia, Clem alichukua samaki mmoja wa moshi, akamlaza katikati ya meza ya Hettie. Msimamizi wa soko, Bwana Pym, akasimama.

"Tangu lini Hettie anauza samaki?"

"Tangu leo. Sheria inasema bidhaa. Haikusema jibini."

Bwana Pym akamtazama samaki. Samaki akamtazama Bwana Pym. Msimamizi akapita zake.

Kila Jumanne, majira yote ya baridi, samaki alilala pale.

"Jana nimekuja kuisugua meza kwa chumvi na siki," Hettie analalamika. "Bado inanuka."

"Karibu, mpenzi," anasema Clem.

Leo vizito vyote vimefungwa. Clem amevifunga mwenyewe. Lakini kabla tu ya saa mbili upepo unageuka, kamba moja inakatika, turubai linavimba. Mkono wa Hettie ulio mzima umeshika nguzo.

"Hettie!"

Anaachia.

Turubai linang'oka, linapita juu ya ndoo za muuza maua, linakwenda kunasa kwenye uzio wa kanisa. Nguzo inaanguka kwenye mawe, haijamgusa mtu. Kengele inalia. Hettie amesimama nyuma ya meza yake, mvua iliyoanza kunyesha inamdondokea puani.

"Huna paa," anasema Bwana Pym.

"Sheria inasema bidhaa," anajibu Hettie, na kumkatia kipande cha jibini aonje.

Anachotaka sasa ni pete za chuma zichimbiwe kwenye mawe yaliyotandikwa uwanja wa soko, kila meza ifungwe kwenye pete hizo na si kwenye ndoo za zege. Halmashauri ya mji imemjibu kuwa mawe yale ni ya kale mno, hayatobolewi. Alhamisi anakwenda kwenye kikao chao.

"Nitawavulia koti niwaonyeshe bega," anasema. "Na mimi ni wa kale. Mbona nimetobolewa?"