Alama Tisa kwa Wimbo Usio na Jina

Juzi mjukuu wangu alitoa betri kwenye rimoti ya televisheni akazitupa kapuni. Nikaziokota na kuzipanga dirishani, palipopiga jua. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi, hizo zimekufa!" Nikamwambia kwamba kwetu betri haikufa, ilichoka tu. Adhuhuri nilipozishika zilikuwa na joto, na ile harufu ya bati na kutu ikanijia puani. Hapo hapo nikawa mtoto wa darasa la sita, Kitaya, katika nyumba ya mwalimu. Mto Ruvuma ulikuwa chini yetu, na ng'ambo yake vita vya Wareno.

Baba alitoka Njombe. Aliletwa kule na barua ya serikali, na redio yake ya mbao akaja nayo ameipakata mapajani njia nzima. Ilikula betri nne kubwa, na duka la kijiji lilizipata kwa nadra. Kwa hiyo nyumbani kulikuwa na sheria: Baba asikilize taarifa ya habari ya jioni, nami Jumamosi mchana nipewe kipindi kimoja cha muziki. Saa nyingine zote redio ilikaa kimya chini ya kitambaa alichofuma Mama, na betri zikaanikwa kwenye ungo, jirani na dagaa.

Kipindi changu hicho nilikisikiliza na daftari mkononi. Kila wimbo niliusahihisha kama Baba alivyosahihisha hesabu, alama juu ya kumi. Rumba yenye magitaa mawili yanayojibizana ilipata nane. Wimbo wa mwanamume anayelia kwa kukosa barua ya mpenzi ulipata tano, maana niliona mtu mzima na akili zake angefunga safari akaulize. Kwaya za kusifu kilimo cha pamoja nilizipa kumi zote. Si kwamba nilizipenda hivyo; niliogopa daftari lisije likaokotwa na mwalimu mkuu. Ndivyo nilivyokuwa jamani, nikishuku hata penseli yangu.

Na nani asingeshuku? Shuleni tuliambiwa kila asubuhi tuwe macho, adui hana alama usoni. Mgeni akionekana, aambiwe balozi wa nyumba kumi. Baba mwenyewe alipenda kusema, akinawa mikono kabla ya kula, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilijikagua nguo zangu mara nyingi.

Basi Jumamosi moja nikafunua redio nikakuta mshale umehama. Si sana, upana wa kidole. Wiki iliyofuata niliweka alama ya penseli kwenye kioo, na Jumamosi nikakuta mshale umeipita tena. Juu ya kitufe palikuwa na doa jeupe. Nikalilamba. Unga wa muhogo.

Nyumbani kwetu aliyeshika unga wa muhogo kila siku alikuwa mmoja, Mama Kalisto. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, aliyevuka mto na wakimbizi wenzake, na kila asubuhi alikuja kututwangia muhogo kwa kibaba cha unga na maneno mawili matatu na Mama. Alikuwa mpole, na upole wake ndio nilioushuku kwanza. Akitwanga aliimba kwa chini wimbo wa lugha yake, ambao mchi uliupigia ngoma. Ulikuwa mzuri hata nikauandika daftarini bila jina. Huyo Kalisto mwenyewe yuko wapi, sikuwahi kuuliza.

Siku moja, saa nne ya mapumziko, nilimdanganya mwalimu wa zamu kwamba nimesahau jembe, nikakimbia nyumbani. Mama alikuwa amekaa barazani akichambua mchele, uso ameuelekeza njiani. Aliponiona alipaza sauti kuliko ilivyohitajika: "Sesilia! Mbona umerudi?" Nilizunguka nyuma nikachungulia dirishani.

Mama Kalisto alikuwa amechuchumaa mbele ya redio, mdomo karibu uguse kitambaa cha spika, midomo yake ikitembea. Ndani ya redio watu waliongea Kimakonde, kisha wakaimba. Kwenye kituo cha polisi nilishaona simu ya upepo, ambayo askari huisemea na mtu wa mbali akamsikia. Kumbe na yetu ilisemewa! Mwanamke huyu alikuwa anawapelekea Wareno habari zetu, kwa betri zetu wenyewe.

Jioni nilimwambia Baba kila kitu, hata unga. Hakuamini habari ya kusemea redio, lakini alirudisha tonge sahanini. Mtumishi wa serikali, mpakani, redio yake inafunguliwa stesheni asiyoijua. "Mama Sesi, ulijua?" Mama alikuwa anafungua mdomo, Baba akasema, "Basi. Kesho nitamuuliza mwenyewe."

Asubuhi Mama Kalisto alisimama mlangoni na mchi wake. "Ni miye, Mwalimu. Mama hajui kitu. Nisamehe, mkono wangu tu."

Baba hakumpeleka kwa balozi. Aliifungia redio kwenye sanduku la bati, ufunguo akautia mfukoni. Mama Kalisto akaenda kwenye kinu, akatwanga kimya. Mimi nilijiona shujaa kwa muda wa siku mbili hivi. Halafu nikaona Mama haniulizi tena wimbo gani umepata ngapi.

Msimu wa korosho ulikuja ukapita. Ndipo habari zikaenea kijijini kwamba ng'ambo vita vinasimama, na Baba akafungua sanduku. Mama akamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikimwambia Baba, "Mwite Mama Kalisto asikilize. Mwanawe anaimba mle."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Kalisto alikwenda kwa wapigania uhuru, na katika kwaya yao yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, kila siku saa nne, kwenye redio yao. Mama yake akimsikia, aliimba naye, kisha akarudi kutwanga. Barua hazikuvuka mto. Sauti tu ndiyo iliyovuka.

Jumamosi saa nne alikuja na unga mikononi. Akazungusha kitufe bila kutazama, mshale ukapita alama yangu ya penseli ukatulia pake. Kwaya ikaanza, wimbo ule ule wa kinuni. Aliinamisha kichwa akasikiliza anayeanzisha.

"Si yeye," alisema.

"Labda koo linamuuma," Mama akasema.

"Labda."

Akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi kwenye kinu. Miezi michache baadaye wakimbizi walivuka kurudi kwao, naye akiwemo. Hatukupata habari zake tena, wala za Kalisto.

Ilinichukua miaka kuyaelewa yaliyobaki. Kwamba Mama pale barazani hakuwa anachambua mchele, alikuwa analinda. Kwamba Mama Kalisto alisema uongo mlangoni ili mwenzake asigombezwe kwa ajili yake. Na kwamba katika miezi ile sanduku lilipofungwa, kuna asubuhi moja ambayo Kalisto aliimba kwa mara ya mwisho, iwe alihamishwa, aliugua au aliuawa, na mama yake alikuwa hatua kumi kutoka hapo akitwanga muhogo wetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe nilikuwa mimi.

Daftari ninalo bado. Juzi, baada ya betri kupata joto, nililitoa nikatafuta ukurasa ule. Mwandiko ni wangu, umenyooka, wa mtoto asiye na wasiwasi wowote juu ya akili zake: "Wimbo wa kinuni, hauna jina. Tisa juu ya kumi. Alama moja nimekata kwa sababu anayeuimba simwamini."