Koti la Babu Pale Stesheni

Mpaka leo nikinusa dizeli iliyochanganyika na nguo kuukuu, nageuka kuangalia nani kaingia. Ndiyo harufu ya koti la Babu lililoning'inia nyuma ya mlango wa Bibi, kijijini kwetu karibu na Chimala. Babu alikuwa fundi wa reli. Aliondoka na treni kabla sijazaliwa, akaelekea upande wa Zambia, hakuonekana tena.

Kwetu mtu akifa, matanga yakiisha, nguo zake hugawiwa ndugu. Zikishagawiwa, mengine hufuata, na kwetu cha kwanza kingekuwa shamba la mpunga. Wadogo zake Babu walikuja kila baada ya mavuno, wakala wali wetu na kuku wetu, halafu macho yakahamia kwenye ule mlango. Walisema marehemu apumzishwe. Bibi akawauliza marehemu yupi.

Basi stesheni ya zamani, ambako treni zilishaacha kusimama, ikageuzwa makumbusho. Mwalimu Sanga, mstaafu, akapita nyumba kwa nyumba akiomba vitu vya kale. Weee, watu walimwogopa! Jirani yetu alificha mtungi wa mama yake uvunguni, eti huyu anawakusanyia waganga. Mimi niliamini kila neno. Alipokuja kuomba koti, nililikumbatia nikamkazia macho.

Bibi hakumkaribisha hata kigoda.

"Mwalimu, nani kakutuma?" akamuuliza. "Shemeji zangu?"

Mwalimu akaapa hajatumwa na mtu. Bibi hakumwamini. Kesho yake tukaenda stesheni sisi wawili, akachungulia kila kona, akagusa majembe na ngoma, akauliza kitu kikishaingia humo anagawiwa nani. Mwalimu akasema hakigawiwi, kinabaki mali ya aliyekileta. Bibi akamrudishia swali lile lile mara kadhaa, kama anayenunua ng'ombe.

Jumapili, baada ya kanisa, akalipeleka koti watu wakiona. Nililia kwa hasira, nikijua Bibi kashindwa. Akamwamuru Mwalimu aandike chini yake: Mwenyewe yuko safarini.

Mavuno yalipopita, wadogo zake Babu wakakuta msumari mtupu. Wakaenda stesheni, wakasoma, wakaondoka wamenuna bila kula. Nani angegawa nguo inayotazamwa na kijiji kizima?

Miaka yote nilimwonea Bibi huruma kwa kumsubiri mtu asiyerudi. Nilipokuwa mkubwa, tukipepeta mchele, nikamuuliza kama bado anamtegemea. Akanishangaa.

"Babu yako alikufa zamani, mjukuu wangu. Mwenzake aliyemzika alikuja kunieleza, mama yako akiwa bado mdogo," akasema, ungo ukiendelea kwenda mikononi. "Ningelia, wangesikia."

Roho iliniuma, jamani. Mimi niliyemshuku kila aliyepita mlangoni, Bibi sikumshuku hata siku moja. Alikuwa amekaa na msiba wake peke yake miaka yote ile, bila kumlilia mumewe, ili sisi tule.