Karatasi Zenye Jina la Mungu

Kwetu pwani, karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Huzikwa, au huchomwa kwa adabu. Marehemu mama aliokota hata vipande vya magazeti njiani, asije mtu akavikanyaga. Nami mwanawe nikapata kazi katika kiwanda cha uchapaji huko ughaibuni, Plymouth, na kazi yenyewe ilikuwa kutia karatasi mbovu kwenye mashine ya kuzikatakata. Niliingiwa na hofu tangu siku ya kwanza.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja mzee mmoja wa dini ya Kimormoni, akitaka kuchapisha upya vijitabu vya wahubiri wao wa mwanzo: jinsi kijana aliyeanzisha dini yao alivyoingia msituni kuomba akatokewa na Mungu, na jinsi alivyofukua mabamba ya dhahabu yenye maandiko. Alitueleza kuwa kwanza kisa kilienea kwa mdomo. Baadaye wahubiri wakakichapa, kila mmoja kwa maneno yake, na maadui wakazifanya tofauti hizo fimbo ya kuwachapia. Basi hakutaka nakala mbovu hata moja itoke nje.

Rundo zima la kurasa likatoka limekosa mstari mmoja. Dini si yangu, lakini Mungu alitajwa kila ukurasa. Mkono ulikataa kutia karatasi hizo mashineni. Nilizitia mkobani nikarudi nazo nyumbani, Brooklyn Center, roho mkononi. Kuzizika haikuwezekana, ardhi imeganda. Kuzichoma ghorofani, king'ora cha moto kingelia. Nikaziweka juu ya kabati.

Kesho yake mzee alikuwepo, na msimamizi wetu, Mkenya wa bara, akaniita.

"Mama, zile mbovu za huyu mzee uli-shred? Mbona bin iko empty?"

Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliogopa kuitwa mwizi. Nikasema kweli yote.

Msimamizi akamtafsiria. Mzee akavua miwani. Akasema zamani kundi la watu lilivunja mtambo wao wa kuchapia, na wasichana wawili wa imani yao wakakimbilia shamba la mahindi wamekumbatia kurasa za maandiko. Alinishika mkono, akaomba tu nimrudishie zake. Nikashusha pumzi.

Alipotoka, msimamizi hakuondoka.

"Na za customers wengine, mama? Hizo pia umebeba?"

Juu ya kabati langu kulikuwa na maboksi sita ya karatasi za wateja wengine, zote zenye jina la Mungu. Nilivua aproni kabla hajaniambia niondoke.