Petroli ya Baba Mdogo

Juzi pale Kibeta nilimwona fundi wa pikipiki akipuliza kabureta, na harufu ya petroli ikanirudisha utotoni, kwenye mlima wa Buganguzi. Tulikuwa tunampeleka mama hospitali, amekonda kwa ugonjwa wa kifua, nami nimebanwa kwenye mlango uliofunguka kwa nje tu. Dereva akikanyaga mafuta, gari linasita, linakohoa, linazimika. Akafungua kabureta, akanyonya, akatema.

“Kabureta ni nzima. Petroli imechanganywa na mafuta ya taa.”

Baba mdogo Mutalemwa, aliyetuuzia petroli hiyo na kutusindikiza, akageukia migomba.

“Mpulizie na mama kifua,” nikamwomba dereva.

“Atapata wapi spana ya kunifungua mimi?” mama akacheka.

Nilidhani Mutalemwa aligeuka kuficha machozi. Hospitali hatukufika na mama akiwa hai. Mutalemwa yu hai, kanisani anakaa benchi la mbele.