Siku niliyomtembeza mama Upareni kwa Pijo ya spesho, kabla macho yake hayajafunga

Wakuu, habari za jioni.

Mlionizidi umri shikamooni, ingawa kwa hesabu yangu humu mmebaki wachache sana. Waliobaki wote marahaba, hata ambao hamkuamkia.

Juzi kuna mwenzetu kaweka uzi wa picha. Alikodi gari na dereva, yeye na mkewe, wakazungushwa siku nzima kwenye vijiji vya Uholanzi. Mifereji, vinu vya upepo, jibini, ng'ombe wasafi kama wameogeshwa kwa sabuni.

Nikazitazama picha zote mpaka ya mwisho. Halafu nikaweka simu mezani, nikakaa tu. Maana na mimi nilishawahi kuzunguka vijiji kwa gari ya kukodi siku nzima, ila kwetu, Upareni. Na kuna jambo la siku ile sijawahi kulisema popote.

Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na hata ningetaka, daktari kanikataza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi mwalimu mpya wa shule ya msingi pale Same, nywele nimeziachia afro, miguuni viatu vya raizoni vyenye kisigino cha kumtisha mwalimu mkuu. Redio inahubiri Ujamaa asubuhi, mchana na jioni. Kila mtu ni ndugu. Ndugu karani, ndugu dereva, hata anayekufokea dirishani ni ndugu.

Nilikuwa naishi na mama yangu. Baba alikuwa mtu wa reli, alishatangulia mbele ya haki.

Mama macho yalikuwa yanaenda. Kwenye jua kali alikuwa anaona vizuri tu, anachambua mchele mwenyewe na kukusema kama umeacha kijiwe. Lakini jua likishuka, kwake ndiyo basi. Anapapasa ukuta kutafuta mlango.

Nikampeleka hospitali. Daktari akaniita pembeni, akaniambia haya macho hayatavuka masika. Na kufika masika ulikuwa haujabaki hata mwezi.

Tulipotoka mama akaniuliza, "Amesema mpaka lini?"

Nikamwambia. Sikuwahi kuweza kumficha kitu yule mwanamke.

Hakulia. Tulitembea mpaka karibu na sokoni, ndipo akasema, "Basi nataka nimwone Nakundwa."

Nakundwa ni dada yake wa tumbo moja, mama mkubwa wangu. Alikuwa anaishi juu milimani, kitongoji kimoja kupita Suji. Walikuwa hawajaonana miaka sita, kwa sababu njia ya kupanda kule kwa miguu ilikuwa inataka magoti na macho, na kila mmoja wao alikuwa amepungukiwa na kimojawapo.

Nikasema nitume barua tumwambie tunakuja. Mama akakataa katakata.

"Akijua atachinja kuku akae jikoni siku nzima. Mimi sitaki kwenda kutazama mgongo wake."

Sasa gari. Pale mjini kulikuwa na mzee mmoja wa Tanga, Mzee Sefu, aliyekuja zamani kuendesha malori ya mkonge na hakurudi tena kwao. Alikuwa na Pijo 404 nyeupe, anaipiga spesho, yaani teksi ya kukodi. Mzee Sefu alikuwa hajui kuandika, na barua zote za kwenda kwa bintiye Tanga nilikuwa namwandikia mimi. Nilipomweleza shida yangu akasema, "Mwalimu, wewe leta petroli tu. Gari ni yako kutwa nzima."

Jumamosi alfajiri akapiga honi mlangoni.

Mama alikuwa kavaa kanga mpya. Nikamshika mkono nimwingize garini, akauchomoa. Nikamwekea mto wa kuegemea, akaurusha kiti cha nyuma.

"Mimi si mgonjwa," akasema, akakaa mbele karibu na Mzee Sefu, mkoba mapajani kama mkaguzi wa elimu.

Likumbukeni hilo neno, wakuu.

Kwanza akataka twende Lembeni, ambako aliolewa na baba. Tukafika jua linachomoza. Alishuka akasimama karibu na reli, anaitazama inavyonyooka mpaka inapotelea huko mbele. Akanionyesha ulipokuwa mti wa kuanikia nguo. Haukuwepo. Akauonyesha hivyohivyo, akaniambia na nguo gani ilikuwa inaning'inia.

Sikumharakisha. Saa hizo nilikuwa bado mtoto mzuri.

Tukageuza, tukapita Same tena kuelekea Makanya. Mama alikuwa anatazama tu. Milima ilikuwa mkono wetu wa kushoto, ya bluu, na tulivyokwenda ilikuwa inakwenda nasi. Mzee Sefu alikuwa anaimba kidogokidogo kaswida za kwao. Upepo wa moto unaingia dirishani, una harufu ya vumbi na mkonge.

Wafugaji walikuwa wanavusha ng'ombe barabarani. Tukazima gari. Mama akawa anawahesabu kwa kidole, mweupe, wa madoa, mwekundu. Walipoisha akamwambia Mzee Sefu, "Subiri kidogo, labda wapo wengine." Hawakuwepo. Tukasubiri.

Tukapita kijiji kipya cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja, mabati yanawaka kwa jua. Tukala makande yetu kando ya barabara. Wakuu, nimekula hoteli nyingi tangu hapo, sijala tena makande yenye ladha ile. Muda ulikuwa umejilaza tu. Nilijiona kama niko ndotoni na sitaki mtu aniamshe.

Halafu nikaangalia saa. Saa nane imeshapita, na mlima hata hatujaugusa!

Mkumbuke, mama akikutwa na kiza hamwoni mtu. Tukichelewa atafika kwa dada yake, atasikia sauti tu, na safari nyingine haipo.

Tukaanza kupanda. Kona juu ya kona. Hewa ikabadilika, ikawa ya baridi, migomba pande zote, maji yanatiririka mferejini pembeni ya njia. Mama akafungua kioo akatoa mkono nje.

Tulipoikaribia Suji tukasikia baragumu.

Mama akashtuka kwa furaha. "Msaragambo!"

Kwa msioujua, msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Siku ile walikuwa wanazoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia mashamba, ili masika ikija ikute pako wazi. Ujamaa sisi tulikuwa tunausikiliza redioni, wale walikuwa nao tangu kwa babu zao.

Na sheria yake ni moja. Kama umewakuta, unashuka, unashika kazi. Hakuna cha mgeni wala mwenye gari. Anayeachwa apite ni mwenye msiba au mwenye mgonjwa.

Ndiva ilikuwa chini tu ya barabara. Watu kama sitini hivi, wameinama, wanapokezana makarai, wote wana rangi moja ya tope. Mwenyekiti akasimama katikati ya njia, jembe begani.

"Ndugu dereva, karibuni. Kazi iko huku."

Mama tayari anahangaika na kitasa cha mlango. "Tushuke, mwanangu. Hata karai moja."

Nikatazama jua. Nikatazama raizoni zangu, niseme ukweli. Nikatoa kichwa dirishani.

"Tuna mgonjwa, ndugu mwenyekiti! Tunamwahisha!"

Yule baba akaruka pembeni palepale, akawapungia wenzake watupishe. Wakasimama na makarai yao kichwani. Mmoja akasema, "Poleni jamani." Tukapita.

Hata Mzee Sefu kaacha kuimba.

"Mgonjwa yuko wapi?" mama akauliza.

"Mama, nimefanya kwa ajili yako. Giza litatukuta."

"Nimekwambia mimi si mgonjwa. Umewadanganya watu walioko kazini. Ukirudi utawaambia mwenyewe."

Tukafika kwa mama mkubwa saa kumi. Mlango umefungwa kwa kamba. Kuku wawili uani. Nikaita, nikazunguka nyumba, nikaita tena.

Jirani akachungulia, mama mmoja ananyonyesha mtoto mchanga.

"Mnamtafuta Nakundwa? Si mmempita hapo chini? Yuko msaragambo, yeye ndiye mtu wa nyumba yake."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Mimi mtoto wa Mpare, ninayefundisha watoto wa Kipare, nimepita msaragambo fulu spidi na nimesahau kwamba kila nyumba inatoa mtu. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa na mtu mmoja tu. Angekuwa wapi kwingine?

Mama hakunisema. Alikuwa kakaa garini, kaelekeza uso kwenye ule mlango wenye kamba, anautazama.

Kugeuza ile Pijo kwenye kinjia kile kulituchukua muda, mbele kidogo, nyuma kidogo, mimi naweka mawe chini ya tairi. Raizoni moja ikakatika kisigino. Nikazivua zote nikazitupa kwenye buti la gari.

Tulivyoanza kushuka, ukungu nao ukaanza kushuka. Mnaotoka milimani mnaujua. Unakuja polepole, unameza mgomba mmoja mmoja. Haikuwa saa kumi na mbili bado, lakini mama akaniambia taratibu, "Mimi nimeshafika mwisho. Sioni tena."

Nililia kiti cha nyuma, nimejiziba mdomo kwa kanga.

Tukawakuta ndio wanaosha majembe. Mwenyekiti akaja mbio dirishani.

"Mbona mmerudi? Mgonjwa vipi?"

Nikafungua mdomo. Nikaishia kuinamia miguu yangu. Watu wamesogea, nyuso za tope zote zinanitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa inanichoma kuliko ningetukanwa.

Mama akafungua mlango akashuka mwenyewe.

"Mgonjwa ni mimi, ndugu mwenyekiti," akasema. "Ni macho. Yanaishia. Nilikuja kumwona dada yangu."

Yule aliyekataa mkono. Aliyekataa mto. Alilivaa lile neno mbele ya watu wote ili mimi nisivuliwe nguo.

Kule chini karai likaanguka.

"Hiyo sauti ya nani?"

Mama mkubwa akapanda kutoka ndivani, tope mpaka kwenye nyusi. Wakashikana. Mama akarudi nyuma hatua moja amtazame, akakunja macho, akayakunja tena.

"Nakundwa, sikuoni."

Ndipo nikasikia Mzee Sefu nyuma yangu. "Basi sogeeni. Sogeeni jamani, msimzibe." Akaingia garini, akawasha injini, akawasha taa zote fulu. Ukungu wote ukawa mweupe.

Mama mkubwa akasogezwa mbele ya taa. Mtu akamletea maji ya ndiva kwenye karai, akanawa uso, akasimama pale anaona aibu, hajui mikono aiweke wapi.

Mama akasimama pembeni ya taa, akamtazama. Akamtazama kwa muda wake. Kisha akacheka.

"Umezeeka, wewe!"

"Na wewe je? Hujioni tu!"

Watu wakacheka, na wengine walikuwa wanalia.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe mwanamke mmoja akanawa uso, akaja akasimama kwenye mwanga. "Na mimi nitazame, ni Namsifu. Tulichota maji pamoja." Mama akamtazama. Akaja mwingine. Akaja mwenyekiti, kavua kofia. Wakawa wanapanga mstari kama wa duka la ushirika, ananawa mmoja anasimama, anataja jina lake na la baba yake, anatazamwa, anaondoka. Hata wasiomjua mama walisimama.

Mwisho kabisa mama akaniita. "Na wewe nenda."

Nikaenda, miguu peku. Mnajua ukisimama mbele ya taa za gari wewe huoni kitu. Sikumwona mama hata kidogo. Nilisimama tu kwenye ule mweupe, machozi yanatiririka, najua yuko mahali fulani ananitazama, na sijui uso wake ukoje. Alikaa muda mrefu na mimi kuliko wote.

Masika ilipokuja macho yakafunga, kama daktari alivyosema. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Akisikia injini ya gari inapita alikuwa anauliza, "Siyo Sefu huyo?"

Hatukuwahi kuuzungumzia ule uongo. Nilimwomba radhi kimoyomoyo, na kimoyomoyo hakuna anayesikia.

Nilichojifunza? Ukiwa na haraka ya kumfikisha mtu kwa wapendwa wake, tazama kwanza unaowapita njiani. Na mwenye mzazi bado anaona, leo akasimame mbele yake, mahali penye mwanga, atulie atazamwe. Simu iwe mfukoni.

Wenye visa vya wazazi wao na safari zao, nawasoma hapa, mimi usingizi wangu ni mfupi.

Ila kuna watu nawatafuta hasa. Kama humu yupo aliyekuwa ndivani siku ile, au mtoto wake, au mjukuu aliyewahi kusikia habari ya Pijo nyeupe, naomba aandike hata neno moja. Mama aliniachia kazi ya kuwaambia mwenyewe, nimechelewa miaka yote hii.

Hatukuwa na mgonjwa, jamani. Mama yangu hakuwa mgonjwa. Nilidanganya mimi.