Leo nimemwonea wivu ng'ombe

Jumamosi jioni, Uvira.

Dada Riziki, nanyi wote mnaonijua, leo nimemwonea wivu ng'ombe.

Msicheke kwanza.

Tangu tumzike mume wangu, ng'ombe aliyetuachia amekuwa akinipiga teke kila ninapokaa kumkamua. Maziwa yakagoma kutoka. Shemeji akasema Jumatatu tumpeleke kwa wachinjaji.

Basi leo nikamwita bwana mmoja kutoka milima ya Bijombo, fundi wa kutuliza ng'ombe. Alimtazama ng'ombe, kisha akanitazama mimi.

"Mama, huyu iko muzima. Nani anamuimbiaka?"

Nikamwambia aliyemwimbia ndiye tuliyemzika, nami nimekataza nyimbo zizini kwa sababu tuko kwenye matanga.

"Ng'ombe hajui matanga, Mama. Anajua tu kama weye umenuna."

Akaanza kumsifu kwa wimbo, polepole, huku akimpapasa shingo. Mume wangu alikuwa akifanya vilevile. Ng'ombe akatulia, maziwa yakashuka hadi povu likapita mdomo wa ndoo.

Nami nimesimama pale, natamani kuimbiwa mimi!

Binti yangu alinipa riwaya ya mfunza farasi anayeponya farasi na mwenye farasi pia. Niliicheka sana; leo siicheki tena.

Yule fundi alipoaga nikasema, "Urudi kesho."

"Nifanye nini? Ng'ombe amepona."

Nikainama kufunika ndoo ya maziwa. Yeye akavaa kofia yake taratibu.

"Haya, Mama. Nitakuja."

Ng'ombe hauzwi tena. Lakini mimi sijielewi: ninamlilia marehemu, au kuna jambo jingine? Niambieni, hata mkinicheka.

Na kesho mkisali, mnitaje na mimi.